Ndagala Saba

Kalenda ya nyumbani kwetu, hapa Mulongwe, Uvira, inafuata mwezi wa angani. Mwanangu ana miaka 5, maneno anayotamka hayajafika 10, na chakula anachokubali kwenda nacho shuleni ni kimoja: ndagala wabichi waliokaangwa asubuhi hiyo, saba, wenye vichwa, wote wakitazama upande mmoja. Mmoja akigeuka njiani, kibakuli kinarudi kama kilivyoondoka.

Wavuvi wa Kalundu huvua ndagala usiku kwa taa, maana samaki huufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa hazimdanganyi ndagala yeyote, na mitumbwi inalala ufukoni. Wavuvi wakipumzika, mimi ndipo naanza kazi.

Wakavu wapo, sokoni wamejaa. Shida ni kopo la kupimia. Nilimuuliza mama muuzaji kama kopo lake limepima karanga. Akalipuliza, akalipangusa kwa kitenge: "Sasa limetakata, dada." Kwenye kile kitenge palikuwa na unga wa karanga wa kutosha kuunga sombe ya harusi.

Karanga ndizo adui. Kijiko kimoja cha sombe, matangani kwa jirani, kilimvimbisha mwanangu midomo na macho, tukapanda pikipiki watu watatu kuelekea hospitali huku nikiahidi mbinguni mambo ambayo bado sijayatimiza. Sasa jaribu kuikwepa karanga Uvira! Imo kwenye sombe, imo kwenye lengalenga, inauzwa kando ya kila barabara, na mgeni aliyekosa cha kukuletea huleta hiyohiyo. Tena ni ndugu wa maharage, na maharage mtoto huyu akiyagusa hayamdhuru. Ukoo ule nao una mambo yake.

Mama mkwe hakuamini. "Karanga ni nguvu, mwanangu. Nimekuza watoto tisa kwa karanga." Nikamweleza taratibu, akakubali kabisa. Kesho yake nikamkuta anatwanga.

"Mama, si tulipatana?"

"Hizi ni kidogo tu, za kuleta harufu."

Shuleni, shida ni upendo. Watoto wa hapa wamelelewa kwamba kula peke yako ni aibu. Mwalimu aliahidi kila mtoto atakula chake, na alijitahidi, lakini ana watoto wengi na macho mawili. Siku ya tatu mwanangu alirudi na ndagala wake saba, wametulia kwenye mstari, na mkononi ameshika nusu andazi la mtu. Nililinusa lile andazi kama mbwa wa mpakani.

Basi nikaamua kumfundisha mwenyewe. Kila sahani ikifika, namshika mkono nauliza: "Karanga?" Halafu najijibu. Miezi ikapita nikiongea na kuta, jirani wakaanza kunihurumia.

Jumapili moja nikajipanga kwenye mstari wa komunyo, nimembeba. Padri akainua hostia: "Mwili wa Kristo." Kabla sijasema Amina, kiganja kidogo kikanifunika mdomo, na sauti ambayo kanisa lile halijawahi kuisikia ikauliza:

"Karanga?"

Padri akaitazama hostia. Akaigeuza, akaangalia na upande wa pili.

"Hakuna," akamjibu.

Kiganja kikaondoka.