Sifa za Bomba la Kubandika

Bomba la hewa la kubandika ni mrija wa alumini, plastiki au mpira unaofungwa mahali pa bomba lililotoka na gari kiwandani, kati ya kichujio cha hewa, ambacho mafundi hukiita ea klina, na mlango wa hewa wa injini. Chini ya boneti hakuna kifaa kinachotukanwa kama hiki. Husemwa kwamba kinakula fedha, kinameza vumbi na kinapiga kelele. Yote ni kweli, na ndiyo yanayokistahilisha sifa.

Mahali panapofaa kulipima ni Mafiga, kata ya Manispaa ya Morogoro yenye jina la mawe matatu ya kuinjikia chungu. Injini ya petroli nayo hukaa juu ya mafiga matatu: hewa, mafuta na cheche. Figa la hewa ndilo kubwa, kwani kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Injini ya sentimita za ujazo 1,500, kama zilizomo katika Toyota IST nyingi, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku mafuta yamekanyagwa hadi chini, huweza kuvuta karibu lita 2,250 za hewa kila dakika.

Kiwandani, pua ya gari huelekezwa mbele kwenye hewa ya baridi, kisha hewa hupitishwa katika boksi la plastiki linalozima mvumo. Bomba la kubandika huondoa uchoyo huo wa sauti. Injini ikishapoa, waya hasi wa betri hufunguliwa, klipu hulegezwa kwa bisibisi, boksi hung'olewa kwa spana namba 10, na sensa ya hewa huhamishiwa kwenye bomba jipya. Spana namba 10 hupotea kabla ya bolti ya mwisho, na hapo subira hufunzwa bila ada. Bomba likipungua urefu, kipande cha tyubu na waya humaliza neno. Skrubu mbili tatu hubaki mkononi, zikawa akiba.

Fadhila ya kwanza ni mlio. Morogoro husifiwa kuwa mji kasoro bahari. Gari lenye bomba hili ni ndege kasoro kuruka.

Fadhila ya pili ni usalama. Kichujio kikiachwa wazi kando ya injini, huvuta hewa iliyopashwa moto na injini yenyewe. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10, hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 3, na nguvu hupungua nayo. Gari hunguruma kama linalokimbia, na halikimbii.

Fadhila ya tatu ni udugu. Hewa inayopenya kwenye kiungo kilicholegea nyuma ya sensa haihesabiwi. Kompyuta ya gari hutoa mafuta pungufu, injini hupiga misi na taa ya injini huwaka kwenye dashibodi. Mwenye gari na fundi, waliokuwa wakionana mara moja kwa miezi kadhaa, sasa hujuliana hali kila wiki.

Fadhila ya nne ni hifadhi ya udongo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kulima matuta ili udongo wa milima usichukuliwe na mvua, na jambo hilo likaishia katika ghasia za mwaka 1955. Bomba hushika udongo uleule bila amri wala askari. Wakati wa kiangazi, katika barabara za vumbi za kwenda milimani, kichujio hafifu hupitisha chembe hadi ndani ya silinda. Huko husaga ringi za pistoni polepole, injini ikaanza kula oili, na moshi wa buluu ukatangaza kwamba kazi inaendelea.

Fadhila ya mwisho imo katika jina: kilichobandikwa huepuliwa. Boksi la kiwandani hutunzwa uvunguni hadi siku ya kuuza gari. Likirudishwa, taa huzimika, mvumo hukoma, na mnunuzi huambiwa kwamba gari hilo halijaguswa. Bomba lenyewe hufutwa vumbi na kuuzwa kwa jirani, likiwa bado linang'aa.