Pawa Saplai ya Bure

Mwanangu Jabiri alipomaliza kidato cha sita, baba yake alitimiza ahadi ya kumnunulia kompyuta, naye akachagua ya kuchezea gemu. Fedha yangu ya kikoba ilikuwa imetoka, mume wangu akaongezea, zikafika shilingi milioni mbili na nusu, skrini ikiwa humo humo. Kwa kompyuta ya aina hiyo si fedha ndogo wala si kubwa. Ni ya katikati, na ya katikati ndiyo ngumu, kwa sababu kila unapozidisha upande mmoja unapunguza mwingine. Nyumba nzima ikawa na la kusema.

Wa kwanza alikuwa shemeji, mdogo wa mume wangu. "Shemeji, mnunulieni mtoto i7," akaniambia. "Hizo i5 hazifiki mbali." Alikuwa ameona Kariakoo kompyuta ya ofisi, used ya Ulaya, yenye Core i7-4770, kwa bei ya kuvutia. Jabiri akamjibu kwa adabu, "Baba mdogo, hiyo ilitoka mwaka 2013." Nilimwunga mkono mwanangu. Ile 4 inayofuata baada ya i7 ndiyo inayotaja kizazi, yaani kizazi cha nne. Core i5-12400F aliyoitaka yeye ni ya kizazi cha 12, ya mwaka 2022, ina kori sita dhidi ya nne, na Windows 11 inaikubali wakati ile ya zamani haimo kwenye orodha ya Microsoft. Wazazi wengi wanauziwa namba saba bila kuambiwa kizazi, na jambo hilo linaniuma kila ninapoliona.

Fungu kubwa tulilipeleka kwenye kadi ya picha, kwa kuwa ndiyo inayochora kila kinachoonekana ndani ya gemu. Jabiri alichagua Radeon RX 6600 yenye GB 8, inayotosha vizuri kwa skrini ya 1080p. Mume wangu hakuuliza gemu wala rangi; aliuliza LUKU. Wakakaa mezani baba na mwana wakapiga hesabu: kadi wati 132, ukijumlisha prosesa na vinginevyo, gemu zito litataka kama wati 250, bila skrini. Saa nne za mchezo, yuniti moja. Pasi yetu ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo inaimaliza yuniti hiyo kwa saa moja. Mume wangu akatia saini, kwa maneno yake mwenyewe.

Mama mkwe, aliyekuwa barazani anachambua mchele, alitaka kujua kwa nini zinunuliwe RAM mbili za GB 8 wakati moja ya GB 16 ilikuwa na bei nafuu kidogo. Mjukuu akamweleza kwamba zikiwa mbili, kila moja kwenye njia yake, data hupita kwa wingi zaidi kwa wakati mmoja. "Basi nunueni mbili," akasema, na hakuna aliyebisha tena. SSD ya TB 1 haikuleta mjadala. Red Dead Redemption 2 peke yake inahitaji GB 150.

Kwenye orodha ya Jabiri ilibaki pawa saplai, inayoigawia kompyuta umeme, ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus Bronze. Ndipo shemeji akaja na zawadi: kesi ya kioo, feni zinazowaka rangi, na ndani yake pawa saplai iliyoandikwa wati 600. "Ya bure, na ina wati zaidi ya hiyo yenu." Mume wangu akafurahi, fedha iliyookolewa ikanunua kiti. Jabiri alinung'unika kwangu jikoni, lakini zawadi ya baba mdogo hairudishwi mlangoni.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumamosi jioni. Vijana wa mtaani walijaa sebuleni, wali ulikuwa kwenye jiko la umeme, na mama mkwe alikuwa chumbani kwake anatazama tamthilia aliyoifuata tangu mwanzo, sehemu ya mwisho. Gemu likafunguka, magari yakakimbia, shangwe. Halafu ukasikika mlio, paa! Harufu kali ya plastiki iliyoungua ikatanda, breka ikaruka, nyumba nzima ikawa giza. Sauti ya kwanza kusikika ilitoka chumbani: "Amemuoa au hakumuoa?"

Fundi alipokuja kesho yake aliishika pawa saplai mkononi na kusema ni nyepesi mno. Kisha akatuonyesha lebo ubavuni. Juu imeandikwa wati 600 kwa herufi kubwa. Chini, kwenye mstari wa volti 12, zimeandikwa ampea 20. Mara 12, ni wati 240. Prosesa na kadi ya picha hula karibu umeme wao wote kupitia mstari huo, kwa hiyo ile zawadi ilikuwa imeshapita kikomo chake. Iliyo nzuri hujizima yenyewe inapozidiwa. Hii iliungua na madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ikafa nayo. Kadi ya picha ilipona, alhamdulillahi.

Ndugu wawili hawakusemezana mpaka mama yao alipowaita kikao. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: shemeji alipe madabodi kidogo kidogo, kesi ya kioo ibaki, na kaka mtu aache kumkumbusha. Pawa saplai mpya tulimwagiza jirani anayefuata bidhaa Dubai, kwenye maduka ya kompyuta ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai. Umeme wa kule na plagi ya pini tatu ni kama vya kwetu, hivyo iliingia ukutani bila adapta.

Madabodi mpya ikafungwa pamoja nayo. Tulipowasha, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Macho yote yakamgeukia shemeji, maskini, ambaye safari hii hakugusa kitu. Nasra, mdogo wake Jabiri, akazunguka nyuma akaona waya wa skrini umechomekwa kwenye madabodi. Ile F kwenye jina la prosesa maana yake haitoi picha yenyewe. Waya lazima uingie kwenye kadi ya picha. Akauhamisha, picha ikaja, shemeji akapiga makofi kuliko wote.

Nawe mzazi unayejipanga kununua, kabla hujatoa fedha mwombe muuzaji akuonyeshe lebo ya pawa saplai. Achana na namba kubwa ya juu, tafuta mstari wa volti 12, zidisha ampea zake kwa 12. Ya wati 550 iliyo ya kweli itakupa ampea kama 45. Ukikuta 20, iache hapo hapo dukani, hata kama ni ya bure.