Ngeli za Sadaka Iliyovuka Bahari

Wanaisimu wetu wamezipanga nomino za Kiswahili katika ngeli, wakabishana miaka nenda miaka rudi kuhusu idadi yake, na leo hata mtoto wa kidato cha kwanza anajua kwamba kiti ni KI-VI na mti ni U-I. Sadaka zinazotoka Ulaya, Marekani na Ghuba kuja kwenye vijiji visivyofikika wakati wa masika hazijapata bahati hiyo. Zimerundikwa zote kwenye kapu moja la "msaada", kana kwamba kisima na katoni ya dawa iliyopitwa na muda ni mtu na nduguye. Makala hii inajaribu kuziainisha, na kwa kuwa utafiti wenyewe haukupata mfadhili, tumeazima ngeli zilizopo.

A-WA ni ngeli ya wenye uhai, kwa hiyo wanaoingia kwanza ni wageni wenyewe. Hutambulika kwa fulana za rangi moja na kofia pana, hukaa wiki moja au mbili, na hupaka rangi. Robert Lupton, Mkristo aliyefanya kazi za huruma Atlanta kwa miongo mingi, aliandika katika kitabu chake cha 2011, Toxic Charity, habari za kanisa moja la Mexico lililopakwa rangi mara sita katika kiangazi kimoja, na vikundi sita tofauti. Sayansi bado haijasema ukuta unaweza kunenepa mpaka wapi.

Humu humu yumo ng'ombe, ambaye kwa umbo angekaa I-ZI lakini uhai umempandisha cheo. Dan West, mkulima wa Kanisa la Brethren kutoka Indiana, aligawa maziwa Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akachoka kuamua nani apate kikombe na nani akose, akaona heri familia ipewe mtamba. Shehena ya kwanza ilikwenda Puerto Rico mwaka 1944, na shirika likaja kuitwa Heifer International. Sharti lake ni kwamba ndama jike wa kwanza apewe familia nyingine. Tanzania tunaita kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Ukimlinganisha na ukuta, ng'ombe ana sifa moja adimu katika fani hii: aliyempokea juzi naye anakuwa mtoaji, tena jirani zake wanamwona.

KI-VI ndiyo ngeli tajiri kuliko zote, maana ina kisima na kibao chake. Maandiko hayakukusudia hivyo. Mathayo sura ya 6 na Al-Baqara aya ya 271 zinakubaliana kwamba sadaka ya siri ndiyo bora. Lakini mtoaji aliye Birmingham au Kuwait hakioni kijiji, na kadiri anavyokaa mbali ndivyo sadaka yake inavyolazimika kuonekana. Tuite hiyo Kanuni ya Kwanza. Ndiyo maana hata penye maji ya chumvi utakuta marumaru safi yenye jina la mtu.

Tusicheke sana. Daktari Abdul Rahman al-Sumait wa Kuwait alianza mwaka 1981 kazi iliyokuja kuitwa Direct Aid, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake barani Afrika, na hadi anafariki mwaka 2013 visima vilivyochimbwa vilihesabika kwa maelfu. Kisima ni sadaka jaria: maadamu watu wanakunywa, thawabu zinamfikia aliyechimbiwa, awe hai au marehemu. Sasa tazama pampu ya mkono aina ya Afridev, iliyobuniwa miaka ya 1980 huko Malawi na Kenya ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Pistoni na valvu ya chini huvutwa juu kwa kupitia ndani ya bomba, bila kung'oa bomba lenyewe, na spana moja inatosha. Kinacholika ni bushi za plastiki na mpira wa pistoni. Mpira ukichakaa, mama anapiga mpini mpaka jasho linamtoka kabla tone la kwanza halijaonekana, na siku moja halionekani kabisa. Kwa mantiki hiyo, fundi mwenye mpira mmoja mfukoni ameshika akhera ya watu asiowajua, na wala hakuna anayemlipa nauli. Kibao, kwa upande wake, hakihitaji vipuri.

Kuhusu boksi la viatu lililojazwa zawadi za Krismasi, ambalo shirika la Samaritan's Purse limegawa zaidi ya milioni 200 tangu 1993, lenyewe ni LI-YA na yaliyomo ni ngeli zote. Mtafiti mwenye akili analiruka.

I-ZI ni ngeli ya dawa. Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba Eritrea, wakati wa vita vya uhuru, ililetewa malori saba ya aspirini iliyopitwa na muda, na kuichoma kukachukua miezi sita. Makanisa yalilijua tatizo hilo mapema: Tume ya Tiba ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilitoa mwongozo wa misaada ya dawa mwaka 1988, na miaka miwili kabla yake Wakatoliki na Waprotestanti wa Kenya walikuwa wameungana kuanzisha MEDS, bohari inayonunua dawa zinazohitajika kweli na kuziuzia hospitali za misheni. Hakuna mtalii aliyewahi kupiga picha mbele ya bohari.

U-I ina mshahara. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, Manyara, ilifunguliwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955, mbali na kila mji mkubwa. Jengo lina tarehe ya kufunguliwa. Muuguzi wa zamu ya usiku hana. Sijaona koti jeupe lililoshonewa maneno "mshahara huu wa Machi umetolewa na waumini wa parokia fulani", ingawa ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo marumaru ningeichangia.

Imebaki KU-, ngeli ya vitenzi-jina, isiyo na safu katika ripoti yoyote ya mradi: kufagia, kusubiri, kuimba, kushukuru. Wageni wakitangazwa kufika saa nne, watoto hupangwa mstari saa tatu, na gari huingia saa nane. Kwaya au madrasa imefanya mazoezi wiki nzima. Katibu wa kamati husoma risala: shukrani, mafanikio, changamoto, na ombi jipya mwishoni. Kuku wamechangwa nyumba kwa nyumba, soda zimeletwa kwa bodaboda kutoka senta, kiongozi wa msafara anavishwa kitenge na kukabidhiwa mbuzi ambaye hawezi kupanda naye ndege. Mwenye takwimu za kuku hao atuletee; katika uainishaji huu tumewaachia nafasi chini ya A-WA.