Mizani Haisemi, au Wewe Husikii?

Mizani ya kielektroniki iko mezani, kompyuta iko pembeni, kebo ya siriali katikati. Kazi ni programu isome uzito, basi. Umeandika mistari kumi, umeiendesha, kimya. Kabla hujaipiga mizani kofi, tushuke pamoja, kutoka sita hadi moja.

6. Umebisha nyumba ya jirani. Zamani nyuma ya kompyuta kulikuwa na COM1, pengine na COM2, mtu hapotei. Leo adapta ya USB ukiihamisha tundu inaweza kubatizwa COM7, kesho COM12. Na kwenye Windows, ukifungua poti mwenyewe kwa CreateFile, kuanzia COM10 lazima uandike \\.\COM10. Ndiyo, na hiyo mikwaju yote. Hata mimi nilidhani paka kakanyaga kibodi.

5. Bawabu hakujui. Kwenye Ubuntu poti ipo, /dev/ttyUSB0, ila wewe humo kwenye kundi la dialout. Jiunge, toka, ingia upya. Wenye haraka huendesha kila kitu kama root: kitasa kigumu, wanabomoa ukuta.

4. Kasi. Mizani inasema kwa 9600, wewe unasikiliza kwa 115200, skrini inajaa maandishi ya kishetani. Shangilia! Takataka maana yake waya ni mzima. Hesabu yenyewe ni ya sokoni: kwa 8N1 kila herufi ina biti moja ya kuanza, nane za data na moja ya kumaliza, jumla kumi, kwa hiyo 9600 hubeba herufi 960 kwa sekunde. Ila ziko mizani za kizamani zinazotaka biti saba na pariti shufwa. Soma kijitabu chake, najua umeshakitupa.

3. Hapa sitanii. RS-232 ya kebo hiyo huweza kurusha volti 12, chanya na hasi, wakati pini za Arduino Uno, kama ndiyo uliyoweka badala ya kompyuta, zinajua 5. Ukiziunganisha bila chipu kama MAX232 katikati, jibu utalinusa.

2. TX kwa TX, yaani mtumaji kwa mtumaji. Wawili wanaongea, hakuna anayesikiliza. Baraza la kahawa siku ya matokeo ya mpira. Kwenye plagi ya pini tisa, pini 2 na 3 ndizo za kupishanisha, 5 kwa 5. Vifaa vingine vimeshapishanisha vyenyewe ndani, hapo ukipishanisha tena unarudi ulikoanzia.

1. Umesoma kabla mizani haijamaliza kusema. Poti haijui sentensi, inajua baiti tu. Ukiiomba data inakupa zilizofika, hata kama ni herufi moja. Kwa hiyo zikusanye kwenye bafa, ngoja alama ya mwisho wa mstari, ndipo ugeuze kuwa namba. Na hakikisha alama ni ipi: mizani ikituma CR peke yake nawe unangoja LF, utangoja hadi Kiama, labda uwe umeweka muda wa kikomo.

Mimi sikungoja. Duka la nafaka, gunia la mchele, mizani ikatuma 50.2, programu yangu ikadaka 5, ikakimbilia kupiga bei. Mteja alitazama risiti, akatazama gunia, akauliza kwa upole kama yamebaki mengine.