Hamira ya Maji

Mpika bia wa nyumbani huko Marekani akichoka na hamira kavu, iliyokaa kabatini miezi bila kudai chochote, hununua ya maji kwa bei kubwa zaidi ili apate kitu cha kulea. Hii hulala kwenye friji na huko pia huendelea kufa polepole. Pakiti ya kampuni ya Wyeast ina kifuko cha virutubisho ndani. Hupigwa kofi kipasuke, kisha mwenyewe huikodolea macho ivimbe. Isipovimba hulaumiwa duka, posta na jua, kofi halitajwi. Hamira ikishamiminwa kwenye ndoo ya maji ya kimea yaliyopoa, povu huweza kukawia hata saa 24. Mgeni wa kazi hii hasubiri: hufunua ndoo kila mara kuchungulia, akiwakaribisha bakteria, ambao ni wa bure.