Mhadhara wa Kwanza wa Taaluma ya Kumtafuta Mheshimiwa

Wahariri watukufu, waandishi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma karibu na chupa za chai, itifaki imezingatiwa.

Nimealikwa hapa Kigamboni, na kamati niliyoiunda mwenyewe, nije kuwapa elimu ambayo hakuna chuo kinachothubutu kuifundisha: namna ya kupata mahojiano na kiongozi wa siasa. Mimi ni mbobezi. Shahada sina, kwa kuwa hajapatikana bado wa kunitahini.

Tuanze na msingi wa kisheria. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inakupa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Angalieni mpangilio: kutafuta kumetangulia. Ninyi vijana mna pupa, mnarukia kupokea. Lini mlisikia kiongozi amemkataza mwandishi kutafuta? Mbane kwenye uzinduzi wa zahanati, atakushika bega, atatabasamu mbele ya kamera, atasema, "Nitafute." Kisha kioo cha shangingi kitapanda. Huyo anatekeleza Katiba.

Kanuni ya kwanza ni barua. Iwe na nembo ya chombo chako na kumbukumbu namba. Ifikishe mapokezi. Dada wa mapokezi ataisoma yote, kidole kikifuata mstari, utadhani anasahihisha mtihani. Atafungua droo, atatoa muhuri, ataupulizia pumzi maana wino umekauka, atagonga IMEPOKELEWA. Kwenye nakala yako tarehe itatoka nusu. Itunze nakala hiyo. Huenda ndiyo majibu pekee utakayoyapata katika ofisi ile.

Naona mkono umenyooshwa. Ndiyo, kijana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka siku 30 za kujibu ombi. Lakini hizo ni za taarifa. Wewe umemwomba Mheshimiwa, na Mheshimiwa si taarifa. Ni mtu, na ana kikao.

Kanuni ya pili ni jiografia. Ukipanda pantoni hapa unashukia Magogoni, jirani na Ikulu. Tangu Aprili 2016 tunalo pia Daraja la Nyerere, mita 680, kutupeleka Kurasini. Asiyesoma angedhani wakubwa wametusogelea. Thubutu! Serikali ikahamia Dodoma. Sasa ukienda Dodoma utaambiwa yuko jimboni. Ukirudi jimboni, ameitwa Dodoma. Ukijibanza Morogoro, katikati ya njia, ndipo msafara utakapokupita taa zikiwaka.

Kanuni ya tatu ni maswali. Msaidizi atakwambia uyatume mapema "ili Mheshimiwa ajiandae". Yatatoka kwako kumi, yatarudi mawili: Mheshimiwa anajivunia nini, na ana ujumbe gani kwa vijana. Swali la mama muuza samaki wa Feri, kwamba vivuko vitaacha lini kuharibika, litakuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu. Msilalamike. Swali lile ni fupi mno, linajibika kwa tarehe moja, na tarehe ni kitu ambacho mtu anaweza kukukumbusha.

Wapinzani wa taaluma hii hupenda kunitajia Mwalimu Nyerere. Machi 1995 aliwaita waandishi Hoteli ya Kilimanjaro, akazungumza nao kwa kirefu, akaisema serikali iliyokuwa madarakani bila kupepesa macho. Nakiri ni kweli. Lakini alikuwa amestaafu! Mstaafu hana msaidizi wa kumlinda dhidi ya ukweli wake mwenyewe. Wengine hunikumbusha kwamba mwaka 2016 Rais Magufuli alipiga simu mwenyewe, moja kwa moja hewani, kwenye kipindi cha 360 cha Clouds. Ahsanteni kwa kunisaidia! Hiyo ndiyo nadharia yangu kuu: simu ya mkubwa ina kazi ya kupiga. Kupokea ni kazi ya msaidizi.

Upo msimu mmoja tu ambao kanuni zangu zote huanguka, nao ni kampeni. Hapo Mheshimiwa hukutafuta wewe. Anaijua namba yako, anauliza hali ya watoto, anakula mihogo ya kukaanga kando ya barabara Mjimwema na kusubiri upige picha vizuri. Kura zikishahesabiwa, sayansi hurejea mahali pake. Kwa hiyo mwandishi mwenye akili aulize yote wakati mihogo ingali mdomoni kwa mgombea, tena arekodi, maana aliyeomba kazi hadharani anadaiwa majibu hadharani. Sentensi hiyo ya mwisho imeniponyoka, msiiandike.

Sasa naruhusu maswali. Yaandikwe, yapigwe muhuri, yaachwe kwa msaidizi wangu. Mimi nawahi kikao.