Kulanti ya Ndege

Ndege ya shemeji yangu inakunywa kulanti. Mwambie hivyo rubani wa Uwanja wa Wilson naye atakutazama kwa huruma, kwa maana Cessna alizozizoea, zile za injini za Lycoming na Continental, hazina rejeta wala tone la maji. Upepo unazitosha. Hata ndege-boti zilizokuwa zikitua Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1930 zilipozwa na upepo. Beryl Markham, aliyekulia Njoro hapa jirani, alivuka Atlantiki mwaka 1936 kwa injini ya namna hiyo, na ilipomzimikia ng'ambo ya pili, lawama iliangukia barafu. Joto halikuhusika.

Sasa hii ya shemeji ni Rotax 912, imeundwa Austria, na imekataa kuegemea upande mmoja: silinda zinapozwa na upepo, hedi zinapozwa na maji. Kwa hiyo ina rejeta, ina mipira, ina kifuniko, ina kichupa cha kupokea kinachofurika, na ina mwenyewe, anayeshtuka usiku wa manane kuyafikiria yote hayo.

Wasiwasi wake, nikisema kweli, una msingi. Kilele cha Longonot kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100. Mama aliyewahi kupika githeri Kinangop hahitaji kufundishwa jambo hilo. Kazi ya kifuniko cha rejeta ni kuyabana maji yasichemke mapema. Kikilegea, kulanti yenye maji haitakusaidia, hata iwe ya bei gani. Lori likichemsha kwenye mlima wa Mai Mahiu, dereva huegesha kando, utingo huweka jiwe nyuma ya gurudumu, wote wawili wakanunua mahindi ya kuchoma. Juu ya kreta ya Longonot hakuna pa kuweka jiwe.

Ndipo shemeji akaagiza kutoka ng'ambo kulanti isiyo na maji hata kidogo, akaitia kwenye ndege. Sifa yake ni kwamba haichemki mpaka ifike karibu nyuzi 180, kwa hiyo mtu anaweza kupaa mchana wa jua kali bila kuiwazia. Kasoro yake ni kwamba haibebi joto vizuri kama maji, hivyo hedi hupata joto zaidi, na mwenye ndege naye pia. Kisha ina sharti moja: isiguse maji. Ikichanganyika nayo, faida yote imekwenda. Nilimwambia mchanganyiko wa kawaida, nusu kulanti nusu maji, ungemtosha, kwani mtengenezaji wa injini mwenyewe anauruhusu. Akaniuliza kama nimewahi kurusha ndege. Nikanyamaza.

Lakini alitaka na hiyo ya kawaida iwe ya akiba, kwa hiyo tukaenda mjini Naivasha kuzunguka maduka ya vipuri. La kwanza kijana alituuliza, bila kuinua macho kwenye simu, "Gari gani?"

"Ni ndege," shemeji akasema.

Kijana hakushtuka hata kidogo. "Ya mwaka gani? Cisii ngapi?"

"Elfu moja mia tatu na hamsini na mbili."

"Hiyo ni kama Vitz. Chukua ya kijani."

Shemeji alitoka mle ndani kama mtu aliyetukaniwa mama. Kinachoudhi zaidi ni kwamba kijana hakuwa mbali na ukweli. Injini ile ina ujazo unaokaribia ule wa Vitz, na kulanti nzuri ya gari, ile inayofaa injini za alumini, ndiyo inayotumika kwenye ule mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Palipomponyoka ni kwenye kijani. Rangi kiwanda hutia kipendavyo. Ya kijani ya huyu na ya waridi ya yule zinaweza kuwa ndugu, au zikikutana zigande uji ndani ya rejeta. Duka la pili walituapia nyekundu. La tatu mzee mmoja akasema kulanti ni biashara ya Wazungu, yeye ametumia maji ya mfereji tangu enzi za Peugeot 504.

Tulipoomba maji yaliyokenekwa, wakatuletea maji ya betri, na tulipofungua tukagundua ni asidi. Nikapendekeza twende Eburru, ambako wenyeji wameutega mvuke wa volkano kwa mabomba kwa miaka mingi, ukapoa, wakapata maji ya kunywa. Shemeji alidhani namdhihaki. Kumbe nilisema kweli.

Wakati sisi tunabishana mjini, kule kiwanjani Mzee mlinzi alikuwa akikagua ndege. Anaipenda. Huifuta vumbi asubuhi na kufukuza mbuzi wanaotaka kulala chini ya bawa. Siku hiyo alichungulia kichupa, akaona kimepungua, akakijaza.

"Nimekuongezea maji, bosi," alitwambia tuliporudi. "Ya kisima. Safi kabisa."

Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi ya kutosha kuyafanya meno ya mtoto kuwa ya kahawia, na madini ambayo yakipata moto huacha magamba. Shemeji alifungua kinywa, akamtazama yule mzee anayelingana na baba yake, akakifunga. "Asante, Mzee," akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Jioni hiyo ile kulanti ya ng'ambo, iliyolipiwa ushuru na kusubiriwa wiki nzima, ilimwagwa yote kwenye jerikeni. Mfumo ukasafishwa, na baadaye ukatiwa nusu kwa nusu. Hayo ndiyo matumizi mpaka leo, na mshale wa joto haujawahi kumsumbua.

Mzee aliikodolea macho ile jerikeni. Akauliza kama inatupwa, maana kijana wake ana Probox inayochemsha kila akipanda Kinungi.

"Chukua, Mzee," shemeji akamwambia. "Maji tayari yamo."